Mtoto ana usonji: tumpe nini, tumpeleke wapi?

Maswali haya huulizwa na wazazi waliotoka kliniki wakiwa na karatasi yenye neno moja wasilolijua: usonji. Wengine wameambiwa tawahudi, na ni kitu kilekile: ubongo uliojengeka kwa namna tofauti, na mtoto hupata shida ya kuwasiliana na kuchangamana na watu. Nimeyaacha yalivyo, kwa lugha yao.

Daktari, mwanangu ana miaka mitatu. Hasemi, hageuki akiitwa, kutwa anapanga vifuniko vya soda. Nimeambiwa ni usonji. Dawa yake inauzwa wapi?

Pole kwa mizunguko, mama. Kwanza mimi si daktari, ni mtu wa utengemao, yaani wa mazoezi na mafunzo ya kumsaidia mtu ajimudu, ila huku kwetu kila avaaye koti jeupe ni daktari. Dawa ya kuutoa usonji haipo. Haipo hapa, haipo India, haipo Ulaya. Ubongo wa mwanao ulianza kujijenga kwa namna yake tangu akiwa tumboni, na hakuna sharubati ya kuujenga upya. Kilichopo ni mafunzo: kumfundisha mtoto njia ya kueleza anachotaka, kujihudumia na kuishi na watu, na kutufundisha sisi wakubwa namna ya kumfikia. Watoto wengi hupiga hatua, wengine kubwa sana. Hatua ya nani itaishia wapi, hakuna anayeweza kukuahidi mtoto akiwa na miaka mitatu.

Kabla ya yote, apimwe masikio. Mtoto asiyegeuka akiitwa huenda hasikii, na wapo wenye usonji ambao pia hawasikii vizuri. Mwambie daktari pia kama huwa anaganda ghafla macho yakiwa wazi, au anashtuka-shtuka usingizini, kwa sababu kifafa huwapata zaidi watoto wenye usonji kuliko wengine, na kifafa kina dawa.

Sasa huko hospitali atafanyiwa nini hasa?

Ukibahatika kufika penye wataalamu utakutana na watu wa aina mbili tatu. Kuna wa lugha na mawasiliano. Wazazi hudhani kazi yake ni kumfundisha mtoto kutamka, lakini yeye huanza chini zaidi: mtoto atazame unachomwonyesha, anyooshe kidole, asubiri zamu yake. Maneno huja juu ya hayo, yakija.

Kuna wa shughuli za kila siku. Huyu ndiye wa kumwambia kwamba mtoto hakubali kukatwa nywele, anatapika akiona bamia, anaziba masikio na kulia mkipita karibu na mashine ya kusaga. Kwa watoto wengi wenye usonji sauti, mguso au harufu ambayo wewe huitambui kabisa huwa kama kelele ya spika sikioni. Kazi hapa ni kumzoesha kidogo kidogo, na kuyapanga mazingira ili asiteseke bure. Kuvaa, kupiga mswaki, kwenda choo, vyote hukatwa vipande vidogo na kufundishwa kipande kimoja kimoja.

Halafu kuna mafunzo ya tabia na stadi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye ubishi. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Los Angeles, Marekani, alichapisha matokeo ya watoto 19 waliofundishwa ana kwa ana kwa saa 40 kila wiki, kwa miaka miwili au zaidi. Akasema 9 kati yao waliweza kusoma darasa la kwanza la kawaida. Dunia nzima ikachangamka. Lakini haikupigwa kura ya nani afundishwe hivyo na nani asifundishwe, kama utafiti mzuri unavyotaka, na mbinu zake zilikuwa na karipio la “hapana!” na hata kofi la pajani. Watu wazima wenye usonji waliopitia mafunzo ya namna hiyo wamesema wazi kwamba walifundishwa kuficha walivyo ili wengine wasisumbuke. Mimi naona wana haki ya kusikilizwa kabla yetu. Siku hizi mafunzo mengi yamehamia kwenye mchezo: mwalimu anamfuata mtoto anakopenda na kufundishia humohumo. Ukimpeleka mwanao mahali, ukakuta wanampiga, wanamfunga kwenye kiti au wanamnyima chakula ili “atii”, mchukue mrudi nyumbani.

Tunaishi mbali na mji. Nauli ya kwenda mara moja tu ni shida. Ndiyo basi tena?

Hapana, baba. Tena swali lako ndilo lenye jibu zuri kuliko yote.

Uingereza walifanya jaribio lililoitwa PACT, kwa watoto 152 wa chini ya miaka mitano. Wataalamu hawakumshughulikia mtoto moja kwa moja. Walimrekodi mzazi akicheza na mwanawe, kisha wakakaa naye kuitazama video: hapa mtoto alikuangalia, wewe ukawa unatafuta mdoli, hapa alitoa sauti, hukumjibu. Matokeo ya kwanza, mwaka 2010, yalikuwa ya wastani: mazungumzo ya mzazi na mtoto yaliboreka, dalili zenyewe hazikupungua sana. Walipowafuatilia tena, karibu miaka sita baada ya mafunzo kwisha, watoto ambao wazazi wao walifunzwa walikuwa na dalili nafuu kuliko wenzao ambao wazazi wao hawakufunzwa. Mbinu hiyo ikapelekwa Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, kwa watoto 65, na waliokwenda majumbani walikuwa wahudumu wa kawaida waliopewa mafunzo, wala si mabingwa. Ikafaa huko pia, kwa upande uleule wa mzazi na mtoto kuelewana. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Ulizia kwenye kituo chako au kwenye kikundi cha wazazi kama yameshafika kwenu.

Wakati unangoja, anza na uji. Usimpe kikombe kizima. Mimina kidogo, atakunywa, kisha shika jagi mahali anapoliona na unyamaze. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Akikutazama, akigusa mkono wako, akitoa sauti yoyote, sema “uji!” na mmiminie papo hapo. Ukifanya hivyo mara kumi kwa siku, bila kumtesa wala kumliza, unamfundisha jambo ambalo bado hajaligundua: kwamba kumwelekea mtu mwingine kunaleta kitu.

Na vile vifuniko vya soda, usimnyang’anye. Kaa chini mkabala naye, panga vya kwako. Mpe kimoja kimoja awe anavipata kwako. Maneno yako yawe machache: badala ya “Haya mwanangu hebu njoo tuvae viatu tunachelewa”, sema “viatu”, ukimwonyesha. Ratiba ya siku iwe ileile, na panapo badiliko mwonyeshe mapema. Mmoja awe anashika simu na kurekodi dakika tano za mchezo, jioni mtazame wenyewe. Utashangaa ni mara ngapi alikuita kwa njia yake, nawe ukawa unaongea na jirani.

Akipandwa na kilio cha kujigonga kichwa, tafuta kwanza maumivu. Jino, sikio, tumbo lililofunga choo. Mtoto asiye na maneno hulia kwa mwili.

Nimeambiwa nimfundishe kwa picha. Si ndiyo atazembea kusema kabisa?

Hofu hii nimeisikia mno, na tafiti hazikuiunga mkono: watoto wanaotumia picha au ishara hawapungukiwi na maneno kwa sababu hiyo, na wengine huongeza maneno. Huhitaji kompyuta. Piga picha kikombe chake, choo chenu, mpira wake. Chapisha, paka gundi kwenye boksi. Akikuletea picha ya kikombe, mpe maji bila kumlazimisha atamke kwanza.

Lakini mwenzangu mtoto wake anameza vidonge na ametulia.

Huenda kweli. Risperidoni iliruhusiwa Marekani mwaka 2006 na aripiprazoli mwaka 2009 kwa watoto wenye usonji, ila kwa jambo moja: hasira kali, kujiumiza na kuumiza wengine. Hazimfundishi mtoto kuongea. Huongeza hamu ya kula na uzito, huleta usingizi, na zinahitaji daktari wa kupima uzito na damu kila baada ya muda. Usichukue dozi ya mtoto wa mwenzio, na kama wako ameshaanzishiwa usiikatishe ghafla. Kwa usingizi, melatonini, yaani homoni ya usingizi, husaidia baadhi yao, nayo pia kwa ushauri wa daktari, na baada ya kwanza kuzima televisheni mapema na kumlaza saa ileile kila usiku.

Ukoo wanasema ni mashetani. Tumeshakwenda kwa mganga mara mbili.

Hamko peke yenu. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walichapisha mwaka 2015 mazungumzo na wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa, Waislamu, Wakristo na wa dini za asili, na katika makundi yote walitajwa pepo, uchawi na laana, sambamba na matatizo ya uzazi na kurithi. Familia ziliwaendea waganga, viongozi wa dini na hospitali, mara nyingi kwa pamoja.

Siwezi kumkataza mtu dua, wala sioni sababu. Kisomo kikimtuliza mama, mtoto naye hufaidika na mama aliyetulia. Ninachokataa ni cha kumwingia mtoto mwilini: kuchanjwa kwa wembe, kufukizwa hadi akohoe, kunyweshwa dawa isiyojulikana, kufungwa kamba. Na fedha. Mbuzi wawili waliokwenda kwa mganga wangelipa nauli ya miezi.

Na hizi za mtandaoni? Kusafisha sumu, oksijeni, kuacha ngano na maziwa?

Uganga upo hata wenye tovuti. Kuna dawa za mshipani za “kutoa madini mwilini”. Agosti 2005, Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alifariki alipotundikiwa mojawapo. Kuna wanaouza maji ya klorini ya kunywesha, ambayo ni dawa ya kuondolea madoa. Vyumba vya oksijeni na sindano za seli shina havijathibitika kutibu usonji, ila bei zake zimethibitika. Kuhusu lukovorini, dawa ya jamii ya vitamini ya foliki, iliyotangazwa na serikali ya Marekani Septemba 2025, majaribio bado ni machache na ya watoto wachache.

Chakula: ushahidi wa kuacha ngano na maziwa ni dhaifu. Mtoto anayekubali vyakula vitatu tu, na kimoja ni maziwa, ukimwondolea hicho umemwachia nini?

Alianza kubadilika baada ya chanjo ya surua.

Naelewa kwa nini unaona hivyo. Tanzania na Kenya chanjo ya surua na rubella hutolewa miezi 9 na miezi 18, na umri huohuo ndio dalili za usonji zinapoanza kuonekana: wenzake wanasema, yeye amenyamaza. Mambo mawili yamekutana njiani. Uvumi wenyewe ulitoka kwa daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliyeandika mwaka 1998 kuhusu watoto 12. Jarida la Lancet likaifuta makala yake mwaka 2010, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Mwaka 2019 Denmark walitazama watoto zaidi ya 650,000 na hawakukuta uhusiano. Tena rubella ikimpata mjamzito ni moja ya mambo yanayoongeza uwezekano wa mtoto kuwa na usonji, kwa hiyo mdogo wake apate chanjo zake zote.

Shule je?

Aende. Tanzania ulizia kwa ofisa elimu maalumu wa halmashauri ni shule ipi ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu. Kenya kuna vituo vya tathmini vya elimu maalumu, vilivyoanza mwaka 1984, anzia hapo. Ukifika shuleni usiulize kwanza kuhusu jengo. Uliza mwalimu mmoja ana watoto wangapi, na mtoto asiyesema anaombaje kwenda choo. Jibu la swali hilo la pili litakueleza shule nzima.

Mama mkwe anasema nimemdekeza, na kwamba nilimeza dawa nikiwa mjamzito. Nimjibu nini?

Dada, lawama hii ni ya zamani, na madaktari ndio walioikuza. Daktari Leo Kanner, aliyeeleza usonji mwaka 1943, aliandika kuhusu wazazi wasio na joto la mapenzi, na miaka mingi akina mama wa Marekani waliambiwa ubaridi wao ndio uliowafunga watoto. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, akaandika kuonyesha kwamba chanzo kiko kwenye ubongo. Leo tunajua urithi una sehemu kubwa, kutoka pande zote mbili za ukoo (hili la pande mbili mwambie kwa adabu). Kuhusu parasetamoli ya ujauzito, Shirika la Afya Duniani lilisema Septemba 2025 kwamba hakuna ushahidi wa hakika wa kuihusisha na usonji.

Lakini usiishie kubishana naye, maana unamhitaji. Bibi ana vitu viwili ambavyo kliniki haina: muda, na nyimbo za kubembeleza. Mwombe amwimbie mjukuu wimbo uleule kila siku, na akifika kwenye neno la mwisho la mstari, akate. Anyamaze, amtazame mtoto, asubiri. Siku nyingi hakuna kitakachotokea. Siku moja mtoto atageuza kichwa kumtazama, kuuliza kwa macho kwa nini wimbo umekatika, na bibi ndiye atakayekuja mbio jikoni kukueleza.