Je, wajua kwa nini Korona iliwatikisa vijana ambao haikuwalaza hospitalini?

Virusi vya Korona vilikuwa na ubaguzi wa ajabu. Mzee wa miaka 75 akivipata, familia nzima ilikosa usingizi. Kijana wa miaka 15 mara nyingi alikohoa siku chache, akainuka. Lakini ukiacha mapafu ukapima akili, mizani inageuka. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ulikusanya tafiti 29 zenye watoto na vijana zaidi ya 80,000 kutoka nchi mbalimbali: mmoja kati ya wanne alikuwa na dalili za sonona, na mmoja kati ya watano alikuwa na wasiwasi uliopitiliza. Hiyo ni karibu mara mbili ya makadirio ya kabla ya janga. Tena miezi iliposonga, hali haikupoa, ilizidi.

Kwa nini wao? Lazima tuanzie kwenye kazi ya umri wenyewe.

Dunia ya mtoto mdogo ni wazazi wake. Akibalehe, ubongo unamgeuza uso: neno la mama linapungua uzito, la rafiki linapanda bei. Wazazi huita hiyo jeuri, na pengine jeuri kidogo imo, lakini chini yake kuna ujenzi unaoendelea. Sehemu za ubongo zinazoonja raha na kusoma nyuso za watu huchangamka mapema, wakati ile ya mbele, inayopima mambo na kutuliza hisia, huendelea kukomaa hadi mtu avuke miaka 20. Katikati hapo kijana anajifunza yeye ni nani kwa kujitazama machoni pa wenzake.

Sasa fikiria Aprili 2020, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani wako nyumbani kwa sababu shule zimefungwa. Watu wazima waliona masomo yamesimama. Kwa kijana kilichosimama kilikuwa kingine: kusindikizana msalani, kucheka hadi machozi kwa jambo lisilo na maana, kununiana asubuhi na kupatana kabla ya kengele ya mwisho.

Kukosa watu kunafanana na njaa, na hapa sitii chumvi. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwaweka watu wazima 40 peke yao kwa saa 10, bila simu, kisha wakawaonyesha picha za watu wakiwa pamoja. Eneo la katikati ya ubongo linalohusika na kutamani liliitikia kwa namna ileile lilivyoitikia picha za chakula siku waliyoshinda bila kula. Saa 10 tu, na hao ni watu wazima. Kijana wa balehe alikaa mbali na wenzake miezi.

Utasema simu walikuwa nazo. Ni kweli, wenye simu, na kuchati na rafiki wa karibu kuliwaokoa wengi. Ila tazama darasa la mtandaoni: vijisanduku 30, sauti inayochelewa, kicheko kinachofika baada ya mzaha kupoa. Na kwenye pembe moja uso wako mwenyewe, saa nzima, katika umri ambao chunusi moja ni msiba. Kamera zikazimwa moja baada ya nyingine.

Usiku nao ukaharibika. Katika balehe melatonini, homoni inayoashiria usiku, huanza kutoka kwa kuchelewa, pengine kwa saa mbili hivi, ndiyo maana kijana hasinzii mapema hata ukimfokea. Kengele ya shule na jua la asubuhi ndivyo vilivyokuwa breki. Breki zilipoondolewa, saa tisa usiku bado yuko macho, na somo la kwanza analihudhuria akiwa chini ya shuka.

Wapo pia waliopata hasara isiyohusu rika kabisa: kufikia Aprili 2021, watoto zaidi ya milioni 1.5 duniani walikuwa wamefiwa na mzazi au mlezi, na baadhi yao hawakuruhusiwa hata kuaga.

Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni wale waliopona kwa kufungiwa. Kusini-magharibi mwa Uingereza, wanafunzi wa miaka 13 na 14 waliulizwa maswali kabla ya janga, wakaulizwa tena shule zikiwa zimefungwa. Kwa wastani wasiwasi ulikuwa umepungua, na waliopata nafuu kubwa ni wale ambao tangu mwanzo hawakujiona wana nafasi shuleni. Anayeonewa kila siku kwenye korido, mlango ukifungwa, anapumua.

Halafu milango ikafunguliwa. Aliyeondoka darasani na miaka 13 alirudi na sauti nyingine na urefu mwingine, akakutana na wenzake waliofunikwa barakoa, nusu ya kila uso haisomeki, naye hajui aanzie wapi hata kusalimia.