Wikipedia si ya kukimbiwa

Wikipedia ilianza mwaka 2001, na hadi leo wanafunzi huambiwa waikwepe kabisa, eti kwa kuwa yeyote anaweza kuihariri basi imejaa uongo. Kuhariri ni kweli. Kinachosahaulika ni kwamba kila badiliko huhifadhiwa: fungua historia ya ukurasa, utaona kilichobadilishwa, lini, na aliyekirudisha kilivyokuwa. Kurasa zinazovurugwa mara kwa mara hufungwa, wageni wasiziguse.

Mwaka 2005, kwa kazi ya jarida la sayansi la Nature, wataalamu walilinganisha makala 42 za sayansi za Wikipedia na za ensaiklopidia ya Encyclopædia Britannica. Makosa yalikuwa wastani wa kama manne kwa kila makala ya Wikipedia, na matatu kwa ya Britannica. (Britannica iliupinga vikali ulinganisho huo.) Lakini ubora wa makala za Wikipedia haulingani: makala za mada zisizo na wasomaji wengi huwa dhaifu.

Kwenye kazi ya shule usiinukuu Wikipedia yenyewe. Bofya kile kinamba kidogo mwishoni mwa sentensi, kikupeleke kwenye tanbihi, usome kitabu au jarida lililotajwa, kisha unukuu hilo. Kiungo kikiwa kimekufa, kibandike Internet Archive, inayotunza nakala za kurasa za zamani. Makala ya kitaaluma itafute Google Scholar. Ikiwepo nakala ya bure, kiungo chake mara nyingi hukaa kulia kwa matokeo.