Kuchangia mayai ya uzazi: maana yake nini, na maswali ambayo watu wa pwani hatuyaulizi

Kuchangia mayai ya uzazi ni hivi. Mwanamke mwenye mayai mazima anakubali yatolewe kiasi kutoka kwenye vifuko vyake vya mayai, yakarutubishwe maabara kwa mbegu za mume wa mwanamke mwingine, halafu kile kiinitete kinachopatikana kiwekwe kwenye kizazi cha huyo mwanamke mwingine, yeye ndo abebe mimba, azae, anyonyeshe. Aliyetoa yai habebi chochote. Nalisema hili mapema manake huku Malindi watu wanachanganya na kubeba mimba kwa niaba ya mtu, utasikia "fulani kakodisha tumbo" kumbe maskini katoa mayai tu na baada ya siku mbili yuko kazini kwake kama kawaida.

Anayehitaji yai la kuchangiwa sio kila ambaye hajajaaliwa mtoto. Kuna mwanamke hedhi imemkatika kabla hajafika 40, kuna aliyetibiwa saratani kwa dawa kali zikaua mayai, kuna aliyezaliwa na hali inayoitwa Turner ambayo vifuko havifanyi kazi sawasawa, na kuna yule ambaye umri umekwenda tu, manake yai linazeeka na mwenyewe hata kama sura haionyeshi, na kizazi kwa bahati hakizeeki haraka hivyo. Ndo maana mama wa miaka 45 akiwekewa kiinitete cha yai la binti wa miaka 26 anaweza kushika mimba vizuri, kinachohesabika ni umri wa mwenye yai. Ila kama tatizo ni la mume, yai la mtu halimsaidii kitu, na huku kwetu mke ndo anazungushwa kwa waganga miaka na miaka kabla mtu hajamwambia mume nawe nenda ukapimwe.

Jambo lenyewe sio geni ulimwenguni. Mtoto wa kwanza wa kurutubishwa maabara, Louise Brown, alizaliwa Uingereza 1978, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Australia na Marekani wakawa washafanikiwa kwa mayai ya kuchangiwa. Kenya watoto wa kwanza wa IVF, yaani huko huko kurutubishwa maabara, walizaliwa Nairobi 2006. Kwa hivyo sio jambo la juzi, ni vile tu huku kwetu linazungumzwa kwa kunong'ona.

Sasa hofu ya kwanza ya kila binti ni moja: nikitoa mayai si yatakwisha nikose wangu? Hapana. Mwanamke anazaliwa na mayai kama milioni 1 hadi 2, akivunja ungo yamebaki kama 300,000 au 400,000, na maisha yake yote yatakayopevuka na kutoka hayazidi sana 400. Hayo mengine yote yanakufa yenyewe. Kila mwezi kundi la mayai linaanza kukua, moja linatangulia, yaliyobaki yananyauka, tazama mwembe unavyojaa maua halafu yakapukutika ukabaki na embe chache. Sindano anazodungwa dona, yaani huyo mwenye kutoa mayai, zinachofanya ni kuyakuza yale ya mwezi huo ambayo yangepukutika, hazichoti ya mwakani. Kwa hiyo hofu hii iwekeni chini, ziko zingine za maana zaidi.

Kazi yenyewe inakwenda namna hii. Kwanza vipimo: ukimwi, hepataitisi B na C, kaswende, homoni ya AMH inayoonyesha akiba ya mayai, na ultrasaundi. Kliniki nyingi zinataka mtu wa kati ya miaka 21 na 30 na kidogo, na wengine wanapendelea ambaye ashazaa. Halafu sindano za homoni za kila siku, unajidunga mwenyewe tumboni chini ya kitovu, siku 8 hadi 14 hivi, na kila baada ya siku mbili tatu unarudi kupigwa ultrasaundi waone mayai yamefika wapi. Mwisho kuna sindano moja ya kuyapevusha na hiyo haina mchezo na saa, ukiambiwa saa tatu na nusu usiku ni saa tatu na nusu usiku, manake mayai yanachukuliwa kama saa 34 hadi 36 baadaye, ukichelewa au ukiwahi mahesabu yote yameharibika. Siku ya kuyatoa unapewa dawa ya usingizi, daktari anaingiza sindano ndefu kupitia ukeni akiongozwa na ultrasaundi, dakika 15 hadi 30 imekwisha. Hakuna kupasuliwa, hakuna mshono. Mara nyingi wanapata mayai 10 hadi 15, wengine zaidi, wengine pungufu.

Mpaka hapo inasikika rahisi, sasa muweke binti wa Lamu ndani ya hiyo ratiba. Kliniki za kazi hii ziko Mombasa na Nairobi. Kutoka Langoni au Mkomani ni boti mpaka Mokowe, halafu basi kupitia Witu na Garsen, na hapo hujafika hata Malindi. Huwezi kwenda na kurudi kila baada ya siku mbili, na kuna dawa zinazotaka kukaa kwenye friji na joto la huku mnalijua. Maana yake ukae Mombasa wiki mbili nzima, kwa nani, umemwambia nini, na nyumbani umeaga unakwenda wapi? Wa Malindi ana nafuu, Mombasa ni kama kilomita 120, lakini nafuu sio kwamba ni karibu. Kliniki ikikwambia "ni siku moja tu" inahesabu ile siku ya kutolewa mayai, hizo zingine zote ni zako. Nauli, malazi, chakula na kazi uliyoacha viandikwe kabla hujaanza, na viandikwe mbali na ile pesa ya shukrani anayopewa dona.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote inaitwa OHSS, yaani vifuko vya mayai vinaitikia dawa kupita kiasi, vinavimba, maji yanajaa tumboni. Kujaa tumbo kidogo na kuchoka ni kawaida, lakini uzito ukipanda ghafla, unatapika, mkojo umepungua au pumzi inabana, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, sio kusubiri asubuhi. Inayofika kuwa mbaya sana sio ya wengi, na madaktari siku hizi wanaweza kubadilisha ile sindano ya mwisho kupunguza hatari yake. Shida ni kwamba inaweza kuja siku kadhaa baada ya mayai kutoka, wakati kliniki ishakuaga na wewe ushavuka maji uko kwenu. Sasa ukifika hospitali ya Lamu useme ukweli. Usiseme tumbo linauma tu. Daktari asiyejua kwamba ulidungwa homoni atatibu kitu kingine. Na wakati wa sindano usilale na mwanamume, mayai kumi yakiwa yamepevuka na moja au mawili yakabaki ndani, unaweza kushika mimba yako mwenyewe, tena ya pacha.

Kingine cha pwani hasa ni selimundu, sickle cell kama wengi wanavyoiita. Kilifi na maeneo yetu haya ugonjwa huu upo sana, na mtu anaweza kubeba kinasaba chake maisha yote asiumwe hata siku moja. Dona akiwa amebeba na mume wa mpokeaji naye amebeba, kila mtoto ana nafasi ya asilimia 25 ya kuzaliwa na ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo kipimo hiki kwetu sisi sio cha hiari. Lakini mawakala wanaotafuta mabinti mitandaoni wanauliza nini? Wanaomba foto. Rangi gani, nywele gani, urefu gani. Mtu anataka "mweupe wa Lamu" utadhani anachagua kitambaa, selimundu hajauliza.

Sasa tuje kwenye lenyewe, manake kwa maoni yangu mwili ndo sehemu nyepesi ya hili jambo. Kuna binti aliniuliza, "Shangazi, si ni kama kutoa damu tu?" Nikamwambia la mwanangu, damu uliyotoa haitakuja kukupigia hodi baada ya miaka 20 ina pua kama yako.

Yai linabeba nasaba. Mtoto atalelewa na kunyonyeshwa na mwingine, lakini upande wa mama vinasaba vyake ni vya dona, na watoto wa dona wa baadaye ni ndugu zake hasa, na watoto wa dada ya dona ni binamu zake. Katika mji wa watu milioni kadhaa unaweza kusema uwezekano wa kukutana ni mdogo. Lamu sio huko. Lamu mtu akitaja jina la babu yake watu washajua nyumba, mtaa na shamba, na tunaoana ndani ya koo hizo hizo, mtoto wa ami na mtoto wa shangazi. Ukifanya siri kamili hapo unatengeneza posa ya kaka na dada ambayo hakuna wa kuizuia kwa sababu hakuna anayejua. Sisi ni watu ambao mpaka ziwa tunalihesabu, mtoto akinyonya mara tano kwa mama mwingine kabla ya kutimiza miaka miwili, kwa madhehebu ya Shafi ashakuwa mtoto wake na haoi bintiye. Sasa kama matone ya maziwa tunayaweka kwenye kumbukumbu hivyo, yai zima tutalisahau vipi?

Ndo maana kwa Waislamu wa Sunni, ambao ndo wengi huku, maulamaa wameifunga hii milango. Majmaa ya Fiqhi ya OIC, yaani baraza la wanazuoni wa sheria la jumuiya ya nchi za Kiislamu, ilipokaa Amman 1986 iliruhusu kurutubisha maabara kwa mbegu ya mume na yai la mke wake, likarudi kwa mke huyo huyo wakiwa bado wako kwenye ndoa, na mtu wa tatu wakamkataza, awe wa mbegu, wa yai au wa tumbo. Kwa Mashia kuna mlango ulifunguliwa, Ayatollah Khamenei alitoa fatwa 1999 kuruhusu mayai ya kuchangiwa kwa masharti, na Iran inafanya. Kanisa Katoliki nalo limekataa, waraka wake wa 1987 uko wazi, na baadhi ya makanisa mengine huachia wanandoa waamue. Nayaweka haya sio kumhukumu mtu, nayaweka kwa sababu wapo wanaopelekwa kliniki, wanaambiwa "hili ni sayansi tu", wakishamaliza ndo wanamuuliza ustadhi, na hapo ustadhi atafanya nini? Muulize kwanza. Ukishajua jibu, uamuzi ni wako.

Upande wa serikali, Kenya imekwenda miaka mingi kliniki zikifanya kazi bila sheria yake maalumu, na muswada wa 2022 wa Millie Odhiambo, mbunge wa Suba Kaskazini, ulikuja kujaribu kuziba hilo pengo. Katiba kifungu cha 43 kinatoa haki ya afya ya uzazi lakini hakikwambii dona ni nani kwa mtoto. Kwa mazoea aliyezaa ndiye anayeandikwa mama kwenye cheti, na kilichobaki kinasimama juu ya mkataba mliotia sahihi. Linganisha na Uingereza, aliyetoa yai tangu Aprili 2005 hawezi kujificha, mtoto akifika miaka 18 anaruhusiwa kumjua, na mayai ya dona mmoja hayazidi familia 10. Na jirani zetu Waitaliano wa hapa Malindi wasitutazame kama sisi ndo wa nyuma, kwao kuchangia mayai kulipigwa marufuku na sheria ya 2004 mpaka mahakama yao ya katiba ikaifuta marufuku hiyo 2014, miaka yote hiyo wenye uwezo walikuwa wanakwenda Hispania.

Njia ambayo naiona ina mantiki kwa miji kama yetu, kwa wale ambao imani yao inawaruhusu, ni dona anayejulikana, na rekodi iwekwe mahali ambapo mtoto ataifikia. Dona wa ndani ya familia ana faida ya uwazi, lakini ana mzigo wake. Mdogo wako akikupa yai, kila Idi mtakaa sinia moja na mtoto yule akimwita mama mdogo, na siku mkigombana kwa kiwanja neno litatoka. Mimi nimeshasikia maneno yakitoka kwa mambo madogo kuliko hayo.

Na mpokeaji naye asidhani kazi yake ni kulala tu awekewe. Anatumia dawa za kutayarisha kizazi wiki kadhaa, na mimba ya yai la kuchangiwa ina uwezekano mkubwa zaidi wa kupandisha presha na kuleta kifafa cha mimba, kwa hiyo kliniki ya wajawazito asikose hata moja na presha ipimwe kila akienda.

Kabla ya sindano ya kwanza liko swali moja ambalo sijasikia mtu akiliuliza: yakipatikana mayai 15 na wakatumia manne, yale mengine yanakwenda wapi? Yanagandishwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na yanakaa miaka. Fomu iseme kama ni ya familia moja au kliniki inaweza kuyapa wengine, ngapi, kwa muda gani, na kama wewe unaweza kubadilisha mawazo na mpaka lini. Hiyo nafasi ikiachwa wazi kwenye fomu usitie sahihi, omba waijaze mbele yako na upewe nakala yako.