Je, wajua gereji ya kampuni inagunduaje kuwa pikapu ilityuniwa hata kama umeshafuta?

Ukiwauliza wenye pikapu za dizeli kule Marekani kuhusu kutyuni injini, yani kubadilisha programu yake ili ipate nguvu zaidi, utasikia majibu mawili, mmoja anakwambia ukigusa programu ya injini tu waranti yote ya kiwandani imekufa siku hiyohiyo, mwingine anakwambia we tyuni, siku ya sevisi unarudisha programu ya mwanzo na hakuna atakayejua. Wote wamekosea, na huyu wa pili ndo atakutia hasara.

Tuanze na wa kwanza. Kuna sheria inaitwa Magnuson-Moss, ilisainiwa na rais Gerald Ford mwezi wa kwanza 1975 (na hapana, hana undugu na Ford ya magari), na sheria hiyo hairuhusu kampuni ifute waranti kwa sababu tu umefunga kitu cha kampuni nyingine. Wanachoweza kukataa ni kutengeneza kilichoharibika kwa sababu ya hicho kitu. Yani umetyuni injini halafu kioo cha mlango kikagoma kushuka, watengeneze bila longolongo. Ila ikifa pistoni, turbo au giaboksi, hapo ndo maneno yanapoanza.

Kwa nini hizo? Kutyuni ni kubadilisha maelekezo yaliyomo kwenye kompyuta ya injini, nozeli zimwage wese jingi zaidi, turbo isukume hewa kwa presha kubwa zaidi, na muda wa kumwaga wese usogezwe. Nguvu inapanda kweli, hakuna anayebisha, ila na joto la moshi linapanda nalo, na pistoni nyingi ni za aluminiamu, ambayo ikiwa safi inayeyuka kwenye nyuzi 660 tu za sentigredi. Sasa mtu anavuta trela zito kupanda mlima mrefu, mguu kakanyaga mpaka chini, huko ndani pistoni inapikwa. Giaboksi nayo ilitengenezwa kubeba nguvu ya kiwango fulani, ukiizidishia klachi zake zinateleza, zinaungua, oili inakuwa nyeusi na kunuka. Fundi akifungua akakuta hivyo na programu sio ya kiwandani, kampuni haitahangaika sana kutafuta ushahidi.

Haya, yule wa kurudisha. Programu ya injini ina namba ya uhakiki ambayo kompyuta inaipiga hesabu yenyewe kutokana na data zilizomo, ukibadilisha hata kidogo namba inatoka tofauti, na fundi anachomeka tu skana kwenye soketi ya chini ya dashibodi, namba inatokea, anailinganisha na ya kiwandani. Sasa umesharudisha ya mwanzo, namba inafanana, umepona? Wapi. Magari mengi ya siku hizi yanahesabu pia programu imeandikwa mara ngapi, au yamewashwa mara ngapi toka iandikwe mara ya mwisho, kwahiyo gari ambalo kwa rekodi za kampuni halijawahi kuguswa linaonyesha liliandikwa upya wiki jana, na kesho yake likaja linavutwa likiwa na injini mbovu. Utajieleza vipi hapo?

Wakishathibitisha wanaweka alama kwenye mfumo wao kupitia chesisi namba. Kwa GM, kampuni ya magari ya General Motors, wenye magari wanaijua kwa jina la TD1, na ikishawekwa madai ya injini na giaboksi yanagonga ukuta, hata ukihamia gereji nyingine ya kampuni hiyohiyo.

Kung'oa mfumo wa kusafisha moshi ni kesi nyingine kabisa, hapo unavunja sheria ya serikali ya hewa safi na waranti ndo inakuwa tatizo lako dogo. Mwaka 2020 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikadiria pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilishafanyiwa hivyo ndani ya miaka kama kumi.

Anayenisikitisha mimi ni anayenunua mtumba, maana hiyo alama haimfuati aliyetyuni, inafuata gari. Ukiambiwa pikapu bado ina waranti, kabla hujalipa peleka chesisi namba gereji ya kampuni waangalie kama madai yake hayajazuiwa.