Tanga Likishaanuliwa, Mfiwa Bado Anatuhitaji

Maofisa ustawi wa jamii katika halmashauri tunapokea malalamiko mengi ya wajane, wagane na watoto waliofiwa, na katika hayo yote ni nadra kumsikia mtu akisema kwamba watu hawakuja kuzika. Maturubai yalifungwa, rambirambi ziliandikwa daftarini, na kina mama walilala mikekani pamoja na mfiwa. Kinacholalamikiwa ni yale yanayofuata tanga likishaanuliwa, nyumba inapobaki kimya na ndugu wanapoanza kuulizia kadi ya gari.

Kwa nia njema kabisa wengi wetu humwambia mfiwa ajikaze, asilie, kwa kuwa kazi ya Mungu haina makosa. Imani ni nguzo kubwa wakati wa msiba na hakuna anayetaka kumwondolea mtu nguzo hiyo, lakini isitumike kumnyamazisha. Mfiwa anahitaji kumtaja marehemu kwa jina, kusimulia tena na tena alivyougua, na hata kusema kwamba ana hasira naye kwa kumwacha, bila msikilizaji kumkatiza wala kumletea kisa cha msiba mwingine.

Watoto ndio wanaodanganywa zaidi. Mtoto wa miaka mitano anaambiwa kwamba baba amesafiri, basi kila bodaboda inaposimama nje anakimbilia mlangoni, na siku atakapoujua ukweli hatawaamini tena kwa urahisi watu wazima waliobaki naye. Aambiwe kwa maneno mepesi kwamba baba amefariki, kwamba hatarudi, na kwamba si yeye aliyesababisha, kwa maana watoto wengi hujilaumu kimyakimya. Akilia asubuhi na kucheza mchana, hiyo ndiyo namna yake ya kuomboleza, asikaripiwe.

Kwa waajiriwa wa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtu anapofiwa na mwenzi, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Siku hizo ni za mzunguko mzima wa likizo wa miezi 36, si za kila msiba, na mwajiri anaruhusiwa kudai uthibitisho. Siku za ziada huombwa, na huwa hazina malipo.

Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Kwa mjane Mwislamu, muda huo wote unaangukia ndani ya eda, yaani kipindi cha mjane kutulia nyumbani, ambayo ni miezi 4 na siku 10 kwa asiye mjamzito, hivyo shughuli hiyo ibebwe na ndugu badala ya kusubiri atoke. Tunalazimika pia kurudia jambo ambalo tumelisema katika mikutano mingi: muhtasari wa kikao cha ukoo haumpi mtu mamlaka ya kugawa mali. Kikao hupendekeza jina la msimamizi wa mirathi, mahakama ndiyo huteua. Msimamizi huyo hawi mmiliki wa mali kwa sababu ya uteuzi huo, na katika Mahakama ya Mwanzo anapaswa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4. Kutoa fedha kwenye simu ya marehemu kwa kuwa unaijua namba yake ya siri si kusaidia msiba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Huzuni hupungua na kurudi, hasa sikukuu zinapofika, na hilo si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo ulioanza kutumika mwaka 2022, linatambua tatizo la kiafya pale simanzi kali inapodumu miezi 6 au zaidi, ikapita kiasi kinachotarajiwa na mila na dini za mhusika, na kumzuia kuendesha maisha yake. Lakini mfiwa akisema anatamani kumfuata marehemu, msihesabu miezi: asiachwe peke yake, na afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Bado wapo wanaokataa ushauri nasaha wakidhani ni kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyopo Dodoma. Dhana hii inachelewesha msaada na inaumiza watu, na hao wanaotibiwa Mirembe nao ni wagonjwa wanaostahili heshima kama wengine.

Ndugu na majirani wapange zamu za miezi, si za siku tatu: mmoja afuatilie cheti cha kifo, mwingine asimamie masomo ya watoto, mwingine aende tu kukaa na mfiwa jioni. Familia yenye mgogoro ifike ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yake kabla mali haijaguswa, ikiwa na cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa kama kipo. Asiye na cheti cha ndoa naye aje, atasikilizwa.