Je, Wajua Sartre Aliupatanishaje Uhuru wa Mtu na Fikra za Karl Marx?

Mwaka 1943 mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre aliandika kwamba hata mtumwa aliyefungwa minyororo yuko huru sawa na bwana wake. Kauli hiyo inaudhi, na Wamaksi, yaani wafuasi wa Marx, walimshambulia kwa sababu ya msingi: mtu huzaliwa ndani ya tabaka, akakuta tayari ardhi ina mwenyewe na kazi ina bei yake. Huo uhuru anautolea wapi?

Sartre hakuupuuza upinzani huo. Jibu lake kamili alilitoa mwaka 1960, na ndani yake mna mfano mmoja wa China unaoeleza mengi. Mkulima anakata miti ili apate shamba. Anajua anachokifanya na kwa nini. Jirani yake anafanya vivyo hivyo, na wengine maelfu, kizazi baada ya kizazi. Milima inabaki uchi, udongo unaporomokea mitoni, mito inafurika na kuyafagia mashamba. Hakuna hata mmoja aliyekusudia mafuriko, lakini yameletwa na mikono yao wote.

Kwa hiyo hali ngumu inayombana mtu ni ya kweli, haiondoki kwa kujiambia "niko huru". Ila haikushuka kutoka mbinguni, wala si kanuni ya historia inayojiendesha yenyewe. Ni kazi ya watu iliyoganda katika vitu: mashine, mishahara, mipaka ya mashamba. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo Marx na udhanaishi, yaani falsafa ya Sartre ya uhuru wa mtu, wanapokutana kweli.

Uhuru unaobaki ni mdogo, lakini upo: namna mtu anavyoyatumia yale aliyofanywa kuwa. Sartre aliwakumbusha Wamaksi kwamba mshairi Paul Valéry alikuwa msomi wa tabaka la mabwanyenye wadogo, yaani watu wa kati kati ya matajiri wakubwa na wafanyakazi, sawa. Lakini si kila msomi wa tabaka hilo ni Valéry. Aliwalaumu pia kwa kuandika kana kwamba mtu huzaliwa siku anapopokea mshahara wa kwanza. Tabaka humwingia mtu utotoni, kupitia baba, mama na mambo ya nyumbani. Ndiyo maana mwaka 1971 na 1972 alichapisha majuzuu matatu manene kuhusu mwandishi Mfaransa Gustave Flaubert, akichunguza jinsi mtoto wa daktari mpasuaji wa mji wa Rouen alivyokuja kuwa mwandishi yule. Juzuu la nne halikukamilika, kwa kuwa macho ya Sartre yalipofuka.