Urasimishaji wa ujuzi: cheti cha fundi magari aliyejifunzia gereji

Urasimishaji wa ujuzi ni utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazi mtaani, na akionekana anaiweza, kumpa cheti kinachotambulika. Nchini kwetu Tanzania kazi hiyo hufanywa na VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Hupimwa waashi, maseremala, wapishi, na mafundi magari ambao ndio ninaowasemea hapa.

Kwa Dar es Salaam jambo hili lina uzito wake. Magari mengi yanayopita barabarani kwetu, kuanzia IST na Noah hadi Coaster za daladala, yalifika yakiwa yameshatumika Japani, kwa hiyo kazi ya gereji haikauki. Wanaoifanya, kuanzia Gerezani hadi kwenye gereji bubu za chini ya miti Mbagala, wengi waliingia kama saidia fundi. Kijana huanza kwa kuosha vyuma, kushika tochi na kutumwa spea. Baadaye anaachiwa breki, kisha klachi, na siku moja anashusha injini peke yake. Malipo yake ya mwanzo ni hela ya kula. Miaka inapita, mkono umekuwa mwepesi, wateja wanamwita kwa jina, lakini karatasi hana hata moja.

Watu wengi hudhani huko VETA anakwenda kusoma. Hapana, anakwenda kupimwa. Mwombaji hueleza kazi anazozimudu, kisha wapimaji humwangalia akizifanya na kumuuliza maswali. Kwenye maswali ndipo jasho linapotoka. Fundi anaweza kufunga silinda hedi vizuri tu, lakini akiulizwa kwa nini bolti zake hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, na kwa nini mtengenezaji ameandika kiwango cha kukazia, akabaki anasema "ndivyo nilivyofundishwa". Kwenye pengo kama hilo hupewa mafunzo mafupi ya kuliziba. Naona sehemu hii ndiyo yenye faida kuliko cheti chenyewe, ingawa kwenye picha za mahafali haionekani.

Je, cheti kinaongeza kipato? Inategemea umesimama wapi. Mteja wa mtaani haulizi cheti. Anauliza gari la fulani lilitengenezwa na nani. Mwenye kazi rasmi ndiye anayetaka karatasi: kampuni ya mabasi, mgodi, wakala wa magari mapya, au TEMESA inayohudumia magari ya serikali. Hata huko kuna kizingiti cha pili, kwa sababu matangazo ya kazi za ufundi serikalini kwa kawaida hutaka pia kidato cha nne. Fundi aliyeishia darasa la saba anaweza kurasimishwa na mlango huo ukabaki umefungwa. Waajiri wa mafundi magari wangejitendea haki wenyewe kama wangempa gari bovu na nusu siku kabla ya kumuuliza alimaliza shule wapi.

Halafu kuna suala la magari yenyewe kubadilika. Fundi wa zamani alisikiliza injini na kunusa moshi, lakini siku hizi gari linapimwa kwa mashine kwanza, na asiyeweza kusoma kinachotokea kwenye skrini anabaki kubahatisha spea kwa hela ya mteja. Magari ya haibridi, yanayotumia petroli pamoja na umeme, yamezidi kuonekana mjini, Prius na Aqua kwa mfano, na betri zake kubwa hubeba umeme unaoweza kuua. Nyaya zake hufunikwa kwa rangi ya chungwa ili kumwonya anayefungua. Fundi aliyezoea betri ya volti 12 anaweza kuingiza spana humo bila wasiwasi wowote. Bajaji za umeme nazo zimeanza kuzunguka, na hazina injini ya kushusha wala oili ya injini ya kumwaga.

Kwa hiyo cheti kisomwe chote. Kinaonyesha fani na ngazi, na kinathibitisha yale tu yaliyopimwa. Mwenye gereji anayetafuta mtu wa kugusa haibridi asiridhike na maneno "ufundi magari". Aulize kama mwombaji amesomea umeme wa volti kubwa, na kama anajua kuukata kabla hajafungua kifuniko. Fundi naye, kabla ya kujiandikisha, aulize anapimwa kwa ngazi ipi, maana akipimwa ngazi ya chini wakati anamudu ya juu, mwajiri atamlipa kwa ile iliyoandikwa.